Naombeni ushauri: Barolo niifungue mapema kiasi gani?

Wakuu, salaam. Nawaomba mnaoujua mvinyo mwekundu wa Italia mnisaidie. Niko Torino, na mzee niliyefanya naye kazi amenizawadia chupa ya Barolo ya mwaka 2016. Nataka kuifungua wakwe zangu wakija mwezi ujao, na nataka tuionje ipasavyo.

Barolo hutengenezwa kwa zabibu za Nebbiolo peke yake, kwenye vilima vya Langhe huko Piemonte, na kisheria hutunzwa angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya pipa la mbao. Niliwahi kuuonja kwa jirani. Rangi yake ni nyepesi kuliko nilivyotarajia. Ukiinamisha glasi, pembeni unaona wekundu unaoelekea rangi ya tofali. Kwanza inakuja harufu ya waridi, halafu ya lami. Ukishaumeza, ukakasi unakamata fizi kama umetafuna ndizi mbichi. Mimi ukakasi huo naupenda sana, ila nahofia utamshtua mama mkwe.

Sasa, niumimine kwenye jagi mapema kiasi gani? Wengine wananiambia lisaa limoja linatosha, wengine masaa 4. Na chupa niisimamishe tangu siku iliyotangulia ili mashapo yatulie chini?

Kuhusu chakula, nawaza nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu ndani ya mvinyo, kama wafanyavyo watu wa huku. Lakini baba mkwe anataka mbuzi wa nazi. Mliowahi kujaribu, nazi na Barolo vinapatana kweli?