Nikichelewa rejesho siku moja simu inafungwa, ikiibiwa hakuna wa kuifunga. Sheria inamlinda nani?

Wakuu, habari za jioni. Nimekaa na hili siku kumi na moja nikidhani hasira itapoa. Haijapoa. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi Tabata. Simu yangu ilikuwa ya mkopo: kianzio shilingi 90,000, halafu rejesho la 1,800 kila siku kwa mwaka mzima. Wenye simu hizi mnazijua. Muda wa malipo ukipita hujalipa, kioo chote kinafunikwa na tangazo la kampuni. Huingii WhatsApp, hufungui picha, huoni chochote mpaka ulipe. Mwezi wa nne mwanangu alilazwa, nikachelewa siku moja. Moja tu. Simu ilifungwa saa moja asubuhi nikiwa wodini, na karatasi ya dawa niliyotakiwa kumtumia shemeji nilikuwa nimeshaipiga picha, iko humohumo. Nilipolipa kwa simu ya jirani wa kitanda, ikafunguka ndani ya dakika mbili. Hizo dakika mbili nitazirudia huko chini.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa saba kasoro mchana, nilikuwa Buguruni nasubiri daladala huku nasoma ujumbe wa mteja. Pikipiki ikaja kwa nyuma, vijana wawili, haina namba. Yule wa nyuma hakunisukuma wala hakusema neno, alivuta tu. Kilichobaki mkononi mwangu ni kava, na ndani ya kava noti ya elfu moja niliyoikunja kwa ajili ya nauli. Watu wakapiga kelele "vishandu! vishandu!" lakini pikipiki ilishapotea.

Mama lishe mmoja, Mungu ambariki, akanipa simu yake. Nikapiga huduma kwa wateja ya mtandao wangu. Dakika kumi na nne za muziki. Nikaulizwa namba ya NIDA, nikaulizwa namba nilizopiga karibuni, laini ikafungwa. Hapo sina ugomvi nao. Nikasema haya, na simu yenyewe ifungeni isishike mtandao wowote. Jibu: "Dada, hiyo mpaka uje dukani kwetu na RB na namba ya IMEI." RB ni ile hati ya polisi kwamba umeripoti, IMEI ni namba ya utambulisho ya simu yenyewe.

Nikaenda kituoni. Afande ananiuliza IMEI. IMEI ya simu iliyoko mfukoni mwa mwizi! Namba hiyo unaipata kwa kubonyeza *#06# kwenye simu uliyonayo mkononi, au kwenye kibandiko cha boksi. Bahati yangu boksi nilikuwa naweka ndani yake vifungo na zipu. Nikarudi Tabata, nikamwaga vifungo juu ya meza, nikarudi kituoni na boksi tupu. RB nikaipata saa kumi na moja jioni. Kesho yake nikaenda dukani kwa mtandao, nikapanga foleni, dada wa kaunta akapiga picha RB na boksi, akasema ombi limetumwa makao makuu, nisubiri. Mpaka leo Jumamosi nasubiri.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniuma kuliko zote. Jumatano hiyohiyo nilikwenda kwa waliotoa mkopo. Nilikwenda na matumaini, kwa sababu wao nimewaona kwa macho yangu wakifunga simu. Nikamwambia kijana pale: simu imeibiwa, RB hii hapa, ifungeni sasa hivi. Akaangalia kompyuta yake akaniambia haiwezekani, kwa sababu Jumatatu nililipa marejesho ya siku sita kwa mpigo. Mfumo unafunga malipo yakikatika. Kwa hiyo simu itakuwa wazi mpaka Jumamosi, halafu ndiyo ifungwe. Na deni linaendelea kama kawaida.

Yaani mwizi alipewa siku nne za kutumia simu kwa hela yangu. Kwa sababu nililipa mapema.

Nikatafuta njia nyingine. Ndugu yangu akaniambia Google ina sehemu ya kuitafuta simu na kuifunga ukiwa mbali, unaingia tu na akaunti yako. Akaunti gani? Siku ya kununua, kijana wa mauzo alinifungulia Gmail pale pale kwenye meza yake, jina akaweka yeye, nywila akaweka yeye, akanipa simu ikiwa tayari ina WhatsApp. Mwaka huu nilitaka kuijua hiyo nywila, duka lilishahama. Tukajaribu kuirudisha stesheneri, mfumo ukasema namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu. Simu ipi, ile ile. Na nina uhakika humu ndani wengi mnatembea na akaunti za namna hii, za kwenu na za mama zenu kijijini. Kufuli limo ndani ya simu yako, funguo kaondoka nayo muuzaji.

Kwa hiyo nilichoibiwa si simu peke yake. Vipimo vya wateja wangu vyote vimo mle, picha za daftari, mitindo waliyochagua, na magauni sita ya send-off ya Jumamosi iliyopita. Wawili niliwapima upya. Mmoja alikataa kurudi, akadai hela yake ya kitambaa. Nimemlipa.

Nimeanza kusoma mambo ya sheria usiku kwa simu ya mume wangu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyokasirika. Tanzania tuna Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha rejista kuu ya IMEI. Inakataza kubadili IMEI. Inamtaka mwenye simu atoe taarifa ikiibiwa. Sawa, mimi nimetoa. Nimetoa kwa mtandao, kwa polisi, kwa mtandao tena, kwa wakopeshaji. Mwenye wajibu wa kukimbia ni mimi niliyeibiwa, na nikishakimbia, anayepokea taarifa haonekani kuwa na haraka yoyote.

Na tusiambiwe mitambo haiwezi. Juni 2016 TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ilizima simu feki nchi nzima usiku mmoja. Wengi tunakumbuka, watu walikuwa wanatuma IMEI kwenda 15090 kuangalia kama zao zitasalimika. Kama simu za nchi nzima zilitambuliwa kwa IMEI zikazimwa kwenye mitandao yote, basi simu moja ya fundi cherehani, yenye RB na boksi, inashindikana wapi? Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, mfumo unajua mimi ni nani. Nikitoa kidole changu pale kaunta nathibitika papo hapo. Kwa nini kidole hichohicho kisifunge simu?

Wenzetu walipoamua, walimkaba mtengenezaji. Marekani, mwaka 2014, jimbo la Minnesota lilipitisha sheria kwamba simu janja zinazouzwa humo lazima ziwe na uwezo wa kuzimwa zikiibiwa. California ikafuata na kwenda mbali zaidi: kufuli liwe limewashwa tayari simu inapowashwa mara ya kwanza, mwenye simu asipolitaka alizime mwenyewe. Seneta Mark Leno ndiye aliyeubeba muswada ule. Mara ya kwanza ulianguka Seneti, kura zikapungua chache, na chama cha makampuni ya simu kilikuwa kinaupinga. Ukarudishwa, ukapita, Gavana Jerry Brown akasaini Agosti 2014, ukaanza kazi Julai 1, 2015. Muuzaji anayejua anachokifanya akauza simu isiyo na kufuli, faini ni kuanzia dola 500 hadi 2,500 kwa simu moja. Kwa simu moja, wakuu, si kwa duka.

Apple walikuwa wameshaanza kuweka kufuli lao Septemba 2013, na mwaka uliofuata wizi wa iPhone ulishuka kwa asilimia 40 San Francisco na asilimia 25 New York. Najua kuna atakayeniambia London leo bado wanakwapua kwa pikipiki na baiskeli, na simu zinaishia China. Ni kweli. Simu ikivushwa mpaka, orodha ya nchi moja haiifuati kila mahali, na vioo na betri vinauzwa vipande vipande. Lakini kuna tofauti kati ya mwizi anayehitaji mtandao wa kusafirisha mizigo nje ya nchi na mwizi anayehitaji meza ya fundi mtaa wa pili. Huyu wangu alihitaji meza tu. Nimepita mwenyewe nikaona vibao vimeandikwa kwa rangi, mchana kweupe: "Tunatoa loki zote". Uingereza tangu 2002 kuna sheria inayokataza kubadili IMEI, kifungo mpaka miaka mitano. Sisi katazo tunalo, kibao kipo barabarani, na askari anapita hapo akienda kunywa chai.

Brazil nako, Desemba 2023, serikali ilitoa programu inaitwa Celular Seguro. Unaibiwa, wewe au mtu unayemwamini anatoa taarifa mara moja humo, na taarifa inakwenda kwa mitandao na kwa mabenki kwa pamoja. Mara moja! Mimi nimetoa taarifa yangu sehemu nne, nauli nimelipa kila safari.

Ninachotaka kiandikwe kwenye sheria zetu hakihitaji fedha nyingi. Simu isitoke dukani mpaka mnunuzi afunguliwe akaunti kwa jina lake, nywila aiweke mwenyewe, kufuli liwashwe mbele yake na aonyeshwe jinsi ya kuifunga akiwa mbali. Muuzaji akikiuka alipe faini. Google walianza kusambaza mwaka 2024 kitu kinachohisi simu ikikwapuliwa na kufunga kioo chenyewe, lakini kimejificha kwenye setingi, nani alikuambia? Mimi hakuna aliyeniambia. IMEI ifungwe kwa simu hiyohiyo moja ninayopiga kufunga laini, ndani ya saa, mitandao yote, RB niipeleke baadaye kuthibitisha. Nikidanganya nishtakiwe, wana namba yangu ya NIDA. Na anayeuza simu kwa mkopo, kwa kuwa anayo tayari mitambo ya kufunga, alazimike kuifunga mteja akileta RB, na deni lisimame mpaka suala liishe. Wao walinifungulia kwa dakika mbili nilipolipa. Kufunga nako hakuwezi kuchukua zaidi ya hapo.

Kuna wanaoogopa kwamba kufuli la kisheria litatumiwa kuzima simu za watu wasiotakiwa. Hofu hiyo naiheshimu, hata Marekani ilisemwa. Ndiyo maana nasema funguo iwe kwa mwenye simu. Leo hii funguo iko kwa mkopeshaji na kwa muuzaji, na hakuna anayeogopa.

Na wale wa "nani alikwambia utoe simu barabarani", naomba mnikome leo. Mteja ananitumia mahali pa kupeleka gauni, nisome wapi? Barabarani ndiko kazi yangu iliko. Hayo maneno nimeambiwa na afande, nimeambiwa na kijana wa mkopo, nimeambiwa na mama mkwe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia hayo yule kijana wa pikipiki.

NYONGEZA: Nimeona mnauliza kama Jumamosi iliyopita simu ilifungwa kweli. Kwa mujibu wa kampuni ilifungwa. Jumatatu nikapokea ujumbe kwenye laini niliyorudishiwa: nina marejesho ya siku mbili ambayo sijalipa, nilipe ili kifaa changu kifunguliwe. Nikaenda tena, nikamwonyesha kijana ule ujumbe na RB. Akasema mfumo unatuma wenyewe. Leo umekuja wa siku saba, 12,600.

Sasa naomba kitu kimoja kwa wanaojua. Aliyewahi kufungiwa IMEI na mtandao hapa Tanzania, ikafungwa kweli, aseme ilichukua siku ngapi na alimwona nani ngazi gani. Jina la mtandao si lazima. Na kama kuna mwanasheria humu, aniambie kama mkataba wa simu ya mkopo unaweza kunidai marejesho ya kifaa ambacho polisi wameandika kwamba kimeibiwa. Mkataba ninao, karatasi nne, nitaupiga picha nikipata simu.