Upepo wa kusi umekaza, lakini marejesho ni yale yale: kukatwa mshahara ni halali?

MwanaMakorora:
Wakuu salaam. Mimi ni afisa mikopo hapa Tanga mjini, mwaka wa tatu. Wateja wangu wengi ni kina mama wa soko la samaki la Deep Sea, wakaanga samaki na wauza dagaa. Saa moja na nusu asubuhi tunasimama ofisini, kila mtu anataja alichokusanya jana. Jioni majina yanarushwa kwenye grupu la WhatsApp. Ukiwa chini ya lengo, lako linapakwa nyekundu. Mume wangu siku hizi hanisalimii, anauliza tu, "Leo mwekundu?"

Lengo linatoka Dar. Kusi ikikaza mwezi wa saba ngalawa hazitoki, mama hana cha kukaanga, lakini rejesho ni kila Jumatatu. Nikieleza naambiwa sijitumi. Mimi, mtoto wa mvuvi!

Juzi nimekwenda kwa shangazi, hata fulana ya kazi sijavaa, watoto wakakimbilia ndani: "Kausha damu kaja!" Ndivyo wanavyotuita watu wa mikopo. Na mwezi huu wamenikata 85,000, eti wateja wawili wamechelewa. Ni halali?

Mzee wa Pongwe:
Mwanangu, nilikuwa meneja wa tawi. Anayekupaka rangi naye anapakwa na ofisi ya kanda. Nilikuwa nafokea vijana asubuhi kwa kuwa nimefokewa usiku. Mwisho nikaziamini zile namba: mteja ananieleza msiba, mimi nahesabu siku alizochelewa.

Wakili wa Kijiweni:
Dada, soma kifungu cha 28, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kukukata kufidia hasara, lazima iwe imetokana na kosa lako, uandikiwe sababu na kiasi, upewe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya mshahara. Bahari kuchafuka ni kosa lako? Kuna karatasi ulisaini kukubali kukatwa? Anza na barua ofisini, wakigoma jaza fomu namba 1 ya CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Usilale, una siku 60.

Chuda1:
Usiende peke yako. Waliokatwa ni wewe tu?

MwanaMakorora:
Sijasaini kitu. Tumekatwa wanne, wawili wanaogopa. Mzee, umenigusa: wiki iliyopita binti mgeni kazini alitaja elfu thelathini, nikacheka na wenzangu. Baba yake ana ngalawa pale pale Deep Sea.

Barua iko kwenye mkoba. Kesho Jumatatu, zamu yangu kuanza kutaja.