Kutosha kizazi: selioskopi, roboti, ao kupasula tumbo?

Nsimire_Bagira
Habari zenu bote. Munisaidie juu nyumbani tuko mu mabishano. Dada yangu mukubwa iko na fibromi (uvimbe mu kizazi), damu inamutoka sana kila mwezi mpaka anakosa nguvu, na alimaliza kuzaa, basi munganga wa hapa Bukavu alisema watamutosha kizazi. Sasa shemeji mwenye iko Ubelgiji anatuma ma video ya roboti, anasema kupasula tumbo ni mambo ya zamani, tuuzishe parsele tumupeleke inje. Mama analia. Kweli roboti inapita mukono ya munganga? Na hii ya matundu madogo banaita selioskopi ni kitu moja na roboti?

Gineko_Lushi
Pole sana dada. Parsele muiache kwanza. Roboti haipasule yenyewe, munganga anakaa ku mashine pembeni, anaona ndani ya tumbo mu picha kubwa, na vyuma vya roboti vinafata vile mikono yake inafanya. Kama hakufundishwa muzuri, roboti haitamufundisha siku ile. Selioskopi nayo ni matundu madogo vilevile, banajaza tumbo gazi ipate nafasi, kamera inapita ku kitovu, ila vyombo munganga anavishika yeye mwenyewe.

Marekani baliruhusu roboti mu gineko (magonjwa ya banamuke) 2005 na ikaenea mbiyo. Lakini utafiti yenye ilitoka kule 2013, juu ya banamuke kupita 264,000 benye balitoshwa kizazi kwa ugonjwa yenye haiko kansa, ilionesha matatizo ya roboti na ya selioskopi ni karibu sawa, na roboti ikaongeza bei kama dola 2,189 kwa kila mugonjwa. Na kuko njia yenye batu banaisahau: kutosha kizazi kupitia chini, hakuna kidonda hata kimoja ku tumbo na haiombe kamera. Muulize munganga kama hiyo inawezekana, na kama anakatala aseme sababu, kizazi kuwa kubwa sana ni sababu ya kweli. Inaniuma sana kuona familia inauzisha nyumba juu ya video.

MamaRiziki_Goma
Mimi balinifanyia selioskopi juu ya kiste (kifuko cha maji). Nilirudia ku biashara upesi kweli. Ila bamwambie dada mapema kama mabega itamuuma kisha, ni ile gazi, mimi hakuna mwenye aliniambia nikazani ni moyo.

Infirmiye_wa_bloki
Naongeza kitu juu hii haisemwe sana. Bapime kwanza kama hakuna kansa. Kwa kansa ya mulango ya kizazi, utafiti ya 2018 ilionesha benye balifanyiwa kwa matundu madogo, hata ya roboti, kansa iliwarudilia zaidi na balikufa zaidi kuliko benye balipasuliwa tumbo, kwa hiyo "ya zamani" haimaanishe mbaya, shemeji ajue ile. Na fibromi kubwa ikikatwa vipande ndani ya tumbo ili ipite ku tundu, kama kansa ilijificha mule inaweza kusambaa, Marekani balitoa onyo 2014.

Tena selioskopi iko huku kwetu. Dokta Mukwege amefanya nayo kazi kule hospitali ya Panzi pamoja na munganga Cadière wa Bruxelles, na huyo Cadière njo mumoja wa benye balifanya operasiyo ya kwanza ya roboti ku mutu, 1997. Kwetu yenye alileta ni selioskopi! Shida yetu ni mafunzo na umeme, ikikatika kamera inazimika, lazima jeneratere na munganga mwenye anajua kufungua tumbo haraka. Kwa mafunzo, Kigali kuko IRCAD Africa, kituo cha kufundisha banganga hii operasiyo ya matundu madogo, tangu 2023, na vijana benye babado kupata nafasi bajizoeze kushona ndani ya boksi na kamera ya telefone, mikono inazoea kwa kurudilia.

Nsimire_Bagira
Asanteni sana. Kesho nitamuuliza juu ya njia ya chini. Hemoglobini yake (kipimo cha damu) ni 7, hiyo inazuia?

Gineko_Lushi
7 ni chini, basiharakishe. Fibromi inaweza kungoja, bamupatie chuma na dawa ya kupunguza damu, hemoglobini ipande, kisha operasiyo. Lakini kama damu inatoka mingi na anasikia kizunguzungu ao moyo inapiga mbiyo, mumupeleke leo leo.