Tupeane uzoefu: umeongeza RAM na kupiga Windows mpya kwenye desktopu ya zamani? Ilikuwaje?

Wakuu habari za humu. Tangu Microsoft wafunge sapoti ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wanaambiwa desktopu zao ni za kutupa wakati mashine bado nzima kabisa. Mimi siafiki hata kidogo. Tuweke hapa kila mtu ana mashine gani na alifanya nini, mwenye steshenari yake asome kabla hajatoa hela.

Naanza mimi. Nina Dell OptiPlex 790, prosesa ya Intel ya kizazi cha pili, ilikuja na RAM GB 4 na Windows 7 ya biti 32. Sasa hapa ndo watu wengi wanapoliwa hela, maana Windows ya biti 32 haivuki GB 4, tena ukifungua propatizi unakuta zinazotumika ni GB 3 na kitu, hata ukichomeka RAM ya GB 16 hutaona tofauti yoyote mpaka uhamie biti 64, na kutoka 32 kwenda 64 hupandi juu kwa juu, unapiga upya. Kwa hiyo nilihamisha mafaili yote kwenye diski ya nje, nikaandaa flashi ya GB 8 kwa Rufus (programu ya kutengeneza flashi ya kuinstolia Windows), nikapiga Windows 10 ya biti 64 (enzi hizo sapoti bado ipo), halafu ndo nikaenda kutafuta RAM. Inakula RAM aina ya DDR3 ya desktopu, ile ndefu. DDR4 haiingii, kale kapengo kamekaa sehemu nyingine, msilazimishe mtavunja sloti. Niliacha zile GB 2 mbili za mwanzo nikaongeza GB 4 mbili, jumla 12, na leo Excel na brauza vinafunguka pamoja bila kugandaganda.

Wa pili:
Niko Nairobi, nina saiba. Tuliongeza RAM kwa HP Compaq 6200, kuwasha ikalia mara tano, taa nyekundu inawakawaka, skrini nyeusi. Kwa hizo HP hiyo ni shida ya memori, yaani RAM. Tulichomoa waya ya stima, tukafinya batani ya pawa kumaliza moto uliobaki ndani, tukatoa RAM tukafuta zile meno za dhahabu na rababu polepole, tukarudisha tukafinya pande zote mbili hadi klipu zikajifunga zenyewe, na ikawaka. Lakini niwaambie ukweli, RAM ilisaidia, SSD (ile diski ya kasi inayowekwa badala ya hadi disiki ya kawaida) ndiyo ilibadilisha kila kitu. Kama pesa ni kidogo na tayari uko na GB 8, nunua SSD.

Wa tatu:
Mzee wangu ana desktopu ya prosesa ya zamani, Core 2 Duo, RAM GB 2. Tumeipandisha hadi 4 tukaweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi. Anasoma habari, anaandika barua zake kwenye LibreOffice, hana shida. Ushauri wangu, iwasheni kwanza moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuinstoo, mjaribu printa, sauti na waifai, mkiridhika ndo mfute Windows.

Wa nne:
Wakuu na Windows 11 je? Nasikia Rufus inaruka ule ukaguzi wa kuangalia kama mashine inafaa.

Mwanzisha mada:
Mkuu ni kweli, Rufus inaruka ukaguzi wa TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka), ila Microsoft hawakuhakikishii apdeti. Na kuanzia toleo la 24H2 prosesa lazima iwe na SSE4.2 (amri fulani za ndani ya prosesa), kwa hiyo Core 2 Duo haiwaki kabisa, hapo fuata njia ya mdau wa tatu. Kizazi cha pili kwenda juu inawaka. Aliyeiweka kwenye kizazi cha tatu au cha nne na anaitumia kazini kila siku atuambie, apdeti zinaingia vizuri au zinasumbua?