Kesi za Zanzibar: zipi zinafika Mahakama ya Rufaa, na zipi zinaishia Mahakama Kuu?

mkaazi_mkunazini
Assalaam alaykum. Naomba msaada wa wanasheria na makarani wa mahakama. Marekani kila jimbo lina mahakama zake, na pembeni ipo safu nyengine ya mahakama za shirikisho, wilaya 94, zinazopokea kesi tangu mwanzo. Sisi tuna SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) na tuna Muungano, lakini sioni mpaka uko wapi. Mtu akikamatwa Bandari ya Malindi kwa kosa la ushuru wa forodha, jambo ambalo ni la Muungano, anapelekwa mahakama ipi? Kesi gani hazivuki kwenda Mahakama ya Rufaa ya Tanzania, iliyo juu ya Mahakama Kuu? Na ukishindwa Mahakama Kuu, karatasi gani zinatakiwa na ndani ya siku ngapi?

kalamu_ya_vuga
Waalaykum salaam. Huo mfano wa Marekani ndio unaokupoteza. Kule shirikisho lina majaji na waendesha mashtaka wake ndani ya kila jimbo. Hapa Visiwani hakuna mahakama ya Muungano ya kawaida inayopokea kesi ya jinai au madai tangu mwanzo. Mahakama Kuu ya Tanzania kwa jina ni ya nchi nzima, kwa kazi ni ya Bara. Ibara ya 114 ya Katiba ya Muungano ya 1977 imeiacha Mahakama Kuu ya Zanzibar iendelee pamoja na mahakama zilizo chini yake. Ibara ya 115 ikaongeza kwamba sheria ya Muungano inayotumika pande zote mbili ikiipa uwezo Mahakama Kuu, basi ya Zanzibar nayo inao uwezo huo huo.

Kwa hiyo mtu wako wa Malindi yuko hivi: polisi ni wa Muungano, sheria ya forodha ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki (2004), mashtaka yako chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, hakimu ni wa Zanzibar. Akifungwa anakwenda Chuo cha Mafunzo, yaani jela ya Zanzibar, si Magereza ya Bara. Mamlaka tatu katika faili moja, mahakama moja.

Ngazi ni Mwanzo, Wilaya, Mkoa, kisha Mahakama Kuu, ambayo Unguja iko Tunguu na Pemba iko Chake Chake. Mgogoro wa ardhi una njia yake, Mahakama ya Ardhi iliyoundwa kwa sheria ya 1994, na rufaa yake inapanda Mahakama Kuu. Hapa watu hupoteza miaka: shauri la mpaka wa shamba linafunguliwa mahakama ya kawaida, mwenzako anaweka pingamizi kwamba mahakama haina mamlaka, shauri linatupwa, unaanza upya.

pemba_kaskazini
Kesi za kadhi nazo haziendi Mahakama ya Rufaa. Zinaishia kwa Kadhi Mkuu.

bi_sharia
Ndugu yangu hapo juu, nusu ya kwanza ni sawa, ya pili siyo. Rufaa ya kadhi inafika Mahakama Kuu ya Zanzibar, ambako jaji huketi pamoja na wanazuoni wa Kiislamu. Hapo ndipo mwisho.

Milango iliyofungwa iko kwenye ibara ya 99 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984. Haivuki kesi ya tafsiri ya Katiba ya Zanzibar yenyewe, wala kesi ya Kiislamu iliyoanzia kwa kadhi. Marekebisho ya 10 ya mwaka 2010 yakafunga na kesi za haki za binadamu zinazofunguliwa kwa Katiba ya Zanzibar: anasikiliza jaji mmoja, na asiyeridhika anakata rufaa kwa majaji watatu wa Mahakama Kuu hiyo hiyo, bila ya yule wa kwanza. Baraza la Wawakilishi nalo linaweza kuongeza mambo mengine kwa sheria.

Tazama neno "iliyoanzia". Kinachokufungia njia ni mlango ulioingilia. Ndiyo maana swali la nani anagawa mali ya wanandoa lilisumbua sana. Chini ya sheria ya kadhi ya 1985 uwezo wa kadhi kugawa mali iliyochumwa na wote wawili ulikuwa unabishaniwa. Sheria ya 2017 imempa uwezo wa kuangalia mchango wa kila mmoja. Mwanamke anayedai sehemu yake ya nyumba leo anaweza kulipeleka kwa kadhi pamoja na talaka, lakini ajue kabla ya kufungua kwamba jaji wa Mahakama ya Rufaa hataliona faili lile.

notisi_kwanza
Nijibu la karatasi. Rufaa ya madai kwenda Mahakama ya Rufaa inaongozwa na Kanuni za 2009.

Notisi ya rufaa inawekwa kwa Mrajis wa Mahakama Kuu, nakala mbili, ndani ya siku 30 tangu hukumu isomwe. Usingoje nakala ya hukumu ndipo uandike notisi. Ukishaiweka, una siku 14 kumpelekea mrufaniwa, yaani yule unayemkatia rufaa. Ndani ya siku zile zile 30 andika barua ya kuomba mwenendo wa kesi, hukumu na tuzo (amri rasmi inayotolewa kutokana na hukumu), na nakala ya barua mpe mrufaniwa, asaini kwamba amepokea. Barua hii ndiyo roho ya rufaa, nitaeleza.

Baada ya notisi una siku 60 kuweka sababu za rufaa na kumbukumbu zote, nakala tano tano, pamoja na dhamana ya gharama.

mkaazi_mkunazini
Ahsante sana. Siku 60 zinahesabiwa tangu hukumu au tangu notisi? Na mwenendo ukichelewa kuchapwa?

notisi_kwanza
Tangu siku notisi ilipowekwa. Mwenendo ukichelewa, Mrajis anatoa hati ya ucheleweshaji, na siku zilizotajwa humo hazihesabiwi. Lakini hati hiyo haikusaidii kama barua yako haikuwa ya maandishi au mrufaniwa hakupewa nakala. Ukipokea hati, soma tarehe zake papo hapo mbele ya karani: siku uliyoomba, siku uliyoarifiwa kwamba nyaraka tayari. Tarehe moja ikikosewa, hati haina nguvu na siku 60 zako zimekwisha zamani. Angalia pia kwamba tuzo ina tarehe ile ile ya hukumu, si ya siku iliyochapwa.

Ukisahau waraka ndani ya kumbukumbu, Mahakama inaweza kukuruhusu kuweka kumbukumbu za nyongeza, ila kwa jambo lile lile hupewi ruhusa ya pili. Ukichelewa kabisa, unaomba kuongezewa muda kwa kiapo kinachoeleza kila siku iliyopita. "Nilikuwa naumwa" bila cheti haifiki mbali.

Na notisi haizuii utekelezaji. Dalali wa mahakama akikuletea notisi ya kukazia hukumu, una siku 14 kuomba kusimamisha, na uwe tayari kutoa dhamana.

kalamu_ya_vuga
Niongeze mawili. Mahakama ya Rufaa ni jambo la Muungano kwa orodha ya Katiba, kwa hiyo inaweza kuigusa hata kesi inayoonekana ya Zanzibar tupu. Mwaka 2000, katika shauri la Machano Khamis Ali na wenzake 17, iliamua kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya SMZ kwa sababu Zanzibar si dola yenye mamlaka kamili.

Mzozo wa tafsiri ya Katiba baina ya serikali mbili zenyewe hauendi huko. Una Mahakama Maalum ya Katiba, ibara ya 125 na zinazofuata. Kila serikali inateua nusu ya wajumbe, na uamuzi unahitaji theluthi mbili za wajumbe wa Bara na theluthi mbili za wa Zanzibar, wakihesabiwa mbalimbali. Mwananchi hafungui kesi pale.

bi_sharia
Kuhusu wakili: aliyesajiliwa Bara peke yake hawezi kusimama Mahakama Kuu ya Zanzibar bila ruhusa ya huku. Muulize hilo kabla hujamlipa.