Luku moja, vyumba vinne

*Jumatano, usiku*

Mimi: Shikamooni wazazi. Tumeshahamia tangu jana, tumefika salama. Chumba na sebule, Changanyikeni. Mpaka chuoni Mlimani tunatembea kwa miguu.

Mama: Marahaba wanangu. Alhamdulillah. Mmekula?

Mume wangu: Tumekula mama, wali maharage. Mtungi mdogo wa gesi unatutosha.

Shangazi: Na kitanda?

Mimi: Fundi bado hajamaliza, godoro lipo chini. Sebuleni tumetandika khanga.

Shangazi: Khanga ya harusi mnaikalia? Ikunje uiweke, mwanangu.

Mama: Kesho asubuhi kabla ya vipindi piteni kwa mjumbe mjitambulishe. Halafu ofisi ya serikali ya mtaa. Siku mkihitaji barua, mtu awe anawajua. Na majirani wote wasalimieni, chumba kwa chumba.

Mume wangu: Sawa mama, tutaenda.

*Alhamisi*

Mimi: Kwa mjumbe tumeenda, ametupokea vizuri sana. Kuna jambo lingine, baba mdogo naomba unisaidie, wewe fundi umeme. Leo ilikuwa zamu yetu kununua umeme wa luku. Nimeweka elfu 10 nimepata yuniti 23 na kidogo. Mbona kidogo hivi?

Baba Mdogo: Hujaibiwa. Ununuzi wa kwanza wa mwezi unakatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Umeme umenunuliwa na ile 8,500 iliyobaki. Ukinunua tena elfu 10 mwezi huuhuu utapata kama 28.

Mimi: Kumbe tunalipia nyumba isiyo yetu?

Baba Mdogo: Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Mita inamkata anayenunua, basi. Tunza ile meseji, umuoneshe mama mwenye nyumba, aipunguze kwenye kodi yenu ya pango. Ongea naye kwa adabu, ni haki yako.

Mimi: Nina lingine linaniuma zaidi. Mita ni moja, vyumba vinne. Kila chumba kinachanga sawa. Sisi tuna taa mbili, simu na kompyuta moja. Jirani wa mbele ana friji, anagandisha barafu za kuuza. Yule wa uani ana jiko la umeme. Tena juzi nimemwona anachemshia maharage!

Dada: Eeh, maharage kwenye umeme!

Shangazi: Mwanangu, wiki ya kwanza usianze na ugomvi. Anayeuza barafu ndiye atakayekupokelea mgonjwa usiku.

Mimi: Sitaki ugomvi shangazi, kweli. Ila mabumu yetu yote mawili, hela za mkopo wa chuo za awamu hii, yameingia hapa. Kodi ya pango 150,000 kwa mwezi, miezi sita ni 900,000, dalali akachukua ya mwezi mmoja. Tumebaki na kidogo sana na mitihani haijafika.

Mume wangu: Mimi nimemwambia tuvumilie. Jioni nakaa maktaba mpya mpaka wanafunga, taa za huko zinatosha.

Mimi: Na mimi nibaki peke yangu gizani ili jirani agandishe barafu? Hapana. Nataka tusome wote nyumbani kwetu.

Baba Mdogo: Binti yuko sahihi. Na sikilizeni, kuchanga huko kunawaumiza wote, hata huyo wa friji. Nyumba ambayo matumizi yake hayazidi yuniti 75 kwa mwezi huweza kuwekwa kwenye bei ya chini, shilingi 100 kwa yuniti kabla ya makato. Nyie wanne kwenye mita moja lazima mvuke, ndiyo maana yuniti moja inawafikia karibu 356. Dawa ni mita ndogo kila chumba. Bei haitashuka, lakini kila mtu ataona alichokula.

Mume wangu: Mita zenyewe anunue nani, baba?

Baba Mdogo: Ongeeni na mwenye nyumba. Kufunga nitafunga mimi, sitaki hela yenu. Kwa sasa anzeni na daftari: wa friji na wa jiko waongeze kidogo.

Mama: Umuendee jirani na sahani mkononi, usiende mikono mitupu.

*Ijumaa, jioni*

Mimi: Nimepika maandazi, nimempelekea wa barafu. Kabla sijafungua mdomo akasema mwenyewe, "Mdogo wangu, najua friji langu linakula, wa kabla yenu walihama kwa hilo." Atachanga elfu 15. Nimeshindwa hata kujibu, machozi yalinilenga.

Shangazi: Umeona?

Mume wangu: Wa maharage bado hajarudi kutoka kazini 😅 Mama mwenye nyumba 1,500 amekubali. Mita ndogo anasema atafikiria.

Baba Mdogo: Jumapili nakuja kuangalia waya kwanza. Nyumba za kupangisha nyingine nyaya zimechoka, msichomeke pasi na jiko soketi moja.

Mama: Na mimi nakuja naye. Nina mkeka wa bibi yenu, wa ukindu, haujawahi kukaliwa. Utatosha hapo sebuleni?

Mimi: Utatosha mama. 😭

Mume wangu: Mkifika Mwenge nipigieni, nakuja kuwapokea.