Goti la bandia wiki ya 7, limekaza kama ubao. Nifanyeje?

Mama wa Busia
Hamjambo ndugu zangu. Niko Busia, upande wa Uganda, miaka 64. Nilibadilishiwa goti la kulia Kampala, leo wiki ya 7. Kidonda kimefunga vizuri, shida ni goti lenyewe. Halikunjiki sawasawa, halinyooki sawasawa, natembea kwa magongo mawili nikichechemea. Usiku binti yangu ananiwekea mto mnene chini ya goti, hapo ndipo napata usingizi. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, kwa hiyo mimi na ndoo. Tena nimeolewa na Mganda, kwao mwanamke husalimia akipiga magoti: wageni wakija nawasalimia nikiwa kitini, mawifi wananitazama tu. Ndivyo litakavyobaki?

Boda Mstaafu
Pole mama. Huo mto uutoe leo leo! Ndio ulioniponza mimi. Goti likilala limekunjwa kila usiku, mishipa ya nyuma inakaza, ukisimama mguu haunyooki. Kunja taulo, weka chini ya kisigino, goti libaki hewani lijivute lenyewe dakika 10, mara kadhaa kwa siku. Linauma, sikudanganyi. Mimi nilifungulia taarifa ya habari redioni, ikiisha natoa taulo. Kukunja: kaa kitini, kanyaga kaveera (mfuko wa plastiki) kwenye sakafu ya saruji, buruta mguu kurudi nyuma polepole mpaka ukaze, hesabu 10, rudisha.

Nesi Mbale
Meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa nusu saa hivi kabla ya mazoezi. Ukimaliza weka barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 hadi 20. Uvimbe na joto huweza kukaa miezi, hilo lisikutishe. Ila kama ukikaa kitini goti halifiki nyuzi 90, yaani muundi hausimami wima, rudi kwa daktari aliyekupasua sasa hivi. Wengine hupewa dawa ya usingizi, daktari akalikunja kwa mikono bila kisu, na hiyo hufaa zaidi ndani ya miezi 3 ya mwanzo, kabla kovu la ndani halijakomaa. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au ukipata homa, au kidonda kikitoa usaha, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikibana, usingoje hata saa moja.

Mama wa Busia
Ya mto sikuambiwa! Nilitoka na karatasi ya Kiingereza, mjukuu akaisoma nusu. Nimejaribu taulo, machozi yamenitoka.

Hajati Bombo
Dada, seremala akutengenezee kiti kilichotobolewa katikati, kikae juu ya shimo la choo. Mimi hata swala naswali kitini. Wifi yangu nilimfunulia kovu, hajauliza tena. Na siku ukiambiwa uache gongo moja, litakalobaki lishike upande wa mguu mzima.

Mama wa Busia
Asante Hajati. Nimepiga simu, daktari kasema Alhamisi. Sasa nawaza safari ya teksi.

Boda Mstaafu
Lipia kiti cha mbele. Jinja mwombe dereva asimame, ushuke utembee kidogo.